KIWANJA CHA NDEGE CHA TANGA: KILIVYOANZA, KILIVYO, NA FAIDA YAKE KWETU



Katika mkutano mkuu uliopita mwanachama mmoja alisimama akauliza swali ambalo twalihesabu kuwa la haki. Alisema: "Fedha za mfuko wa kuzikana ni jasho la wakulima. Je, ilikuwa sawa kuzitumia kwa nauli ya ndege kwenda Tanga, na hali meli zipo?" Wengine walicheka, wengine wakanyamaza, na Mwenyekiti akaahidi kwamba Katibu atajibu katika gazeti hili. Jibu letu ni hili. Lakini kwa kuwa baada ya mkutano watu wengi walitufuata kutaka kujua kiwanja chenyewe kikoje, ni cha nani, na mtu wa kawaida hukitumiaje, tumeona tueleze yote kwa pamoja, tangu mwanzo wake hata leo.

SAFARI YENYEWE

Wengi wenu mwajua kuwa mzee wetu mmoja wa Wete alivuka kwenda Tanga kumwangalia binti yake, aliyeolewa Nguvumali. Hilo si jambo geni. Tangu zama za wazee wetu Wapemba na watu wa Tanga ni ndugu, na ni nadra kuipata nyumba ya Wete isiyokuwa na mtu wake ng'ambo ile. Mzee akaugua akiwa huko, na baada ya siku chache akarejea kwa Mola wake. Simu ilitufikia baada ya sala ya alfajiri.

Nduguye wa tumbo moja, naye ni mwanachama wetu, alikuja ofisini akiwa amevaa kanzu tayari, kana kwamba safari imekwisha kupangwa. Hakuuliza nauli. Aliuliza neno moja tu: "Nitawahi?" Watu wa Nguvumali walikuwa wamesema kwamba watamngoja mpaka baada ya sala ya alasiri, na zaidi ya hapo hawawezi, kwa maana sote twajua kwamba maiti haiwekwi. Siku ile haikuwa siku ya meli ya Tanga. Na jahazi, hata likipata upepo mzuri, lisingemfikisha kwa wakati.

Basi kamati ilikutana pale pale, watu watano wamesimama barazani, ikaamua mfuko ulipe tikiti mbili za ndege: moja ya mzee, na moja ya Katibu, aende na rambirambi za Chama. Tulitoka Wete hata Chake Chake, mwendo wa kilomita 30 hivi, na kiwanja chetu cha Pemba kiko nje kidogo ya mji ule. Kutoka hapo hadi Tanga ni kilomita 80 na kitu kwa njia ya angani, na ndege ndogo huzimaliza kwa muda usiofika nusu saa. Mzee wetu hakuwa amepanda ndege maisha yake yote. Alishika tasbihi yake kwa mikono miwili mpaka tulipokuwa juu ya Mlango wa Pemba. Hapo alichungulia chini, akaliona tanga dogo jeupe la jahazi, akasema: "Maji haya yote nimeyavuka kwa siku nzima, nikitapika."

Tulishuka Tanga kabla ya adhuhuri. Tulimkuta marehemu ameshakoshwa na kukafiniwa. Nduguye alisimama safu ya kwanza kumsalia, na kaburini alishuka mwenyewe kumpokea. Baada ya khitma ya siku ya tatu tulirudi kwa meli, kwa kuwa wakati ule haraka ilikuwa imekwisha.

Hiyo ndiyo safari iliyoulizwa. Sasa tukieleze kiwanja.

KILIVYOANZA

Kiwanja cha ndege cha Tanga kipo upande wa magharibi ya mji, upande huo huo wa Nguvumali, si mbali na barabara kuu iendayo Segera. Atokaye kiwanjani kwenda Nguvumali hana haja ya gari kubwa. Bajaji yatosha, na kijana mwenye miguu mizuri aweza kwenda kwa miguu.

Ili kufahamu kwa nini mji ule ulipata kiwanja mapema, yafaa kwanza kufahamu mkonge. Mmea huo uliletwa na Wajerumani mwaka 1893, na miche michache iliyosalimika safarini ilipandwa karibu na Pangani. Mwaka ule ule wa 1893 walianza kujenga reli kutoka Tanga, nayo ikafika Moshi mwaka 1911. Mkonge ukashika nchi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1960, Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiwa ya kwanza duniani, na sehemu kubwa ya mali hiyo ilipita bandari ya Tanga. Penye mali nyingi hapakosi watu wenye haraka: mameneja wa mashamba, wenye mabenki, mawakili, wanunuzi, na barua zao.

Watu hao ndio walioleta ndege. Mwaka 1929 mama mmoja wa Kiingereza, Florence Kerr Wilson, alianzisha huko Nairobi kampuni iitwayo Wilson Airways, na katika miaka ya 1930 ndege zake ndogo zilikuwa zikichukua abiria na barua katika mwambao, zikipita Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam. Vita vilipozuka mwaka 1939, ndege zile zilichukuliwa kwa kazi ya vita, na kampuni ikawa imekwisha.

Baada ya vita, tarehe 1 Januari 1946, shirika la East African Airways lilianza kazi. Lilikuwa mali ya serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ingawa fungu la Zanzibar lilikuwa dogo. Lilianza na ndege sita za aina ya de Havilland Dragon Rapide. Wazee waliobahatika kuziona zile eropleni, kama walivyozoea kuziita, walisimulia kuwa zilikuwa na mabawa mawili juu na chini, na mwili wa mbao na kitambaa, na abiria hawakupita wanane. Ndege kama hiyo haikuhitaji lami. Kiwanja cha majani yaliyofyekwa vizuri kilitosha, mradi ardhi ni kavu. Baadaye zikaja Dakota, za bati, zenye kuchukua watu ishirini na zaidi, na viwanja navyo vikalazimika kuwa virefu na vigumu zaidi.

KILIVYOPOA

Hapa wakulima wa karafuu tutege masikio, kwa maana habari hii yatuhusu.

Mkonge ulianguka. Nyuzi za viwandani, zitengenezwazo kwa mafuta ya petroli, ziliingia sokoni kwa bei ndogo, na kamba za mkonge zikakosa wanunuzi. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na mambo yakazidi kuwa mazito. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nchi iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 ilikuwa haitoi hata tani 40,000. Viwanda vilifungwa, mameneja wakaondoka, na wenye haraka wakapungua.

Katika muda huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika. East African Airways ilisimama mwanzoni mwa mwaka 1977, na tarehe 11 Machi mwaka huo likaundwa Shirika la Ndege la Tanzania. Shirika jipya lilikuwa na ndege chache na nchi kubwa ya kuhudumia, na mji ambao biashara yake imelala haukuweza kuwa wa kwanza kufikiriwa.

Kiwanja hakikufa, lakini kilipoa. Nasi twaona somo lake ni hili: kiwanja kidogo hakijilishi chenyewe. Hulishwa na kazi za watu walio karibu nacho. Wakiwa na kazi, ndege huja. Wakikosa, majani huota. Hali ni hiyo kwa Tanga iliyotegemea mkonge, na ni hiyo hiyo kwa Pemba inayotegemea karafuu.

KILIVYO SASA

Katika miaka ya 1990 serikali iliruhusu makampuni ya watu binafsi kuingia katika biashara ya ndege, na ndege ndogo zikarudi mwambao. Kwa muda sasa kampuni kama Auric Air zimekuwa zikiunganisha Dar es Salaam, Unguja, Pemba na Tanga. Tena kazi mpya imeingia Tanga: bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, ambalo mwisho wake ni Chongoleani, kaskazini ya mji. Jiwe la msingi liliwekwa hapo mwezi Agosti 2017. Kazi kama hiyo huleta tena watu wenye haraka, kama mkonge ulivyowaleta zamani.

Viwanja vya serikali vya bara, Tanga kikiwemo, viko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania, iliyoundwa mwaka 1999. Kile chetu cha Pemba kiko chini ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar. Usalama wa urukaji, pande zote mbili, husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kwa hiyo aliyeuliza "ni cha nani" ajue kwamba si cha tajiri yeyote. Ni mali ya umma, kama barabara na gati.

Asitarajie mtu kukuta jumba kubwa kama la Dar es Salaam. Nyumba ya abiria ni ndogo, na mtu akisimama mlangoni huona upande wa pili. Pana mahali pa kukaguliwa mizigo, pana mizani, pana viti vya kungojea, kisha mtu hutoka nje na kuiendea ndege kwa miguu yake. Njia ya kurukia haifiki kilomita moja na nusu. Ndege kubwa za abiria haziwezi kutua hapo, lakini kwa Caravan yenye injini moja na abiria kumi na wawili hivi, nafasi ni kubwa kuliko haja yake.

Kando ya njia hiyo pana mfuko wa kitambaa uliofungwa juu ya mlingoti. Watoto hudhani ni bendera. Kazi yake ni kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi na una nguvu gani, kwa sababu ndege huruka na kutua ikiuelekea upepo, si ikipewa kisogo. Nahodha wa jahazi hutaka upepo wa nyuma, rubani hutaka wa mbele. Lakini wote wawili huuliza kwanza kama ni kusi au ni kaskazi.

MIZANI, NA KARAFUU ZETU

Jambo lililomshangaza mzee wetu kuliko yote ni kupimwa. Katika ndege ndogo uzito ni jambo kubwa, na abiria huweza kuombwa apande mizani pamoja na mzigo wake. Mzee alipopanda alisema: "Leo karafuu ni mimi." Mizigo nayo ina mpaka, na kwa kawaida katika ndege hizi mtu huruhusiwa kilo 15. Tuliotumia vipimo vya zamani twajua kuwa frasila moja ni pauni 35, yaani karibu kilo 16. Basi ndege haikupi hata frasila moja kamili.

Kwa hiyo mtu asije akadhani kwamba tunasifu ndege ili karafuu zisafirishwe kwa ndege. Karafuu ni mali ya gunia, na gunia njia yake ni gari na meli. Wala mtu asijaribu kutia karafuu katika mkoba wake na kuvuka nazo. Sheria ya Zanzibar haikuruhusu kutoa karafuu nje ya njia zilizowekwa, na anayefanya hivyo, iwe kwa ngalawa usiku au kwa ndege mchana, hilo ni magendo. Chama hakitamtetea.

Kinachofaa kwenda kwa ndege ni kile kisichoweza kungoja na kisicho na uzito: mtu, dawa, karatasi ya mahakama, na habari ya kifo.

BAHARI TUNAYOIJUA

Wapo waliosema kwamba ndege yatisha. Sisi hatuwacheki. Lakini bahari yetu nayo twaijua. Mlango wa Pemba una kina cha mamia ya mita na mkondo wenye nguvu uendao kaskazini. Na hakuna kati yetu aliyesahau usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ilipozama meli ya Spice Islander I ikitoka Unguja kuja Pemba, imejaa kupita kiasi. Maiti zaidi ya 200 zilipatikana, na wengi wengine hawakuonekana tena. Yako majina katika daftari letu la zamani ambayo mbele yake tumeandika tarehe hiyo.

Hatusemi haya ili watu waache meli. Wengi wetu hatuna uwezo wa kupanda ndege kila safari, na meli iliyopakiwa kwa haki ni chombo kizuri. Twasema tu kwamba mizani ile iliyomchekesha mzee wetu kiwanjani, lau ingetumiwa kwa ukali ule ule gatini, watu wengi wangalikuwa hai.

MAMBO YA KUKUMBUKA KWA MSAFIRI

Kwa mwanachama atakayehitaji kusafiri kwa ndege, tumekusanya haya:

Kwanza, achukue kitambulisho chake. Bila hicho hatapanda. Pili, afike kiwanjani mapema, saa moja kabla ya wakati wa kuruka, kwa sababu ndege ndogo ikijaa na hesabu ikifungwa haimngoji mtu. Tatu, asitie kisu, mundu, panga wala mafuta ya taa katika mzigo. Tumemwona kijana akinyang'anywa kisu alichosahau katika kikapu cha maembe, na safu nzima ikasimama kumngojea. Nne, mgonjwa awe na barua ya daktari, na kampuni ijulishwe kabla, hasa ikiwa hawezi kukaa kitini. Tano, wakati wa masika ajue kwamba mvua na mawingu huweza kuchelewesha safari, na rubani akisema hapana, asibishane naye. Sita, aulize ratiba upya kila anapotaka kusafiri, kwa maana siku na saa za ndege hubadilika.

JIBU LETU

Sasa turudi kwenye swali. Je, ilikuwa sawa?

Tikiti ya kwanza, ya ndugu wa marehemu, ilikuwa sawa. Mfuko ule unaitwa wa kuzikana, na kuzikana maana yake ni kufika. Kama siku ile tungemwambia mzee angoje meli, tungehifadhi fedha, lakini yeye angefika kulikuta kaburi limeshakauka udongo. Hapana mwanachama ambaye angependa kufanyiwa hivyo.

Tikiti ya pili, ya Katibu, ndiyo yenye neno. Tulipoamua barazani asubuhi ile tulidhani kwamba rambirambi za Chama lazima zipelekwe kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi ya wazee wetu. Lakini fedha zingeweza kutumwa kwa simu, na zingefika kabla yetu. Mzee alikuwa na nguvu zake, na jamaa walikuwa wakimngojea kiwanjani. Basi twakiri kwamba nauli ile haikuwa ya lazima. Tumeiomba kamati iiandike kuwa deni la Katibu, nasi tutalilipa katika msimu huu, karafuu zetu zitakapouzwa. Hesabu kamili imebandikwa ukutani ofisini, na kila mwanachama ana ruhusa ya kuisoma.

Ili jambo hili lisitusumbue tena, kamati italeta mbele ya mkutano ujao kanuni hizi: kwamba mfuko utalipa nauli ya ndege kwa maziko, au kwa mgonjwa aliye mahututi, pale tu ambapo meli haipo siku hiyo, kwamba italipwa kwa mtu mmoja, aliye karibu zaidi na marehemu au mgonjwa kwa damu, kwamba kurudi kutakuwa kwa meli, na kwamba viongozi hawatasafiri kwa ndege kwa fedha za mfuko huo hata kidogo. Kila mmoja azifikirie nyumbani kwake, aje akubali au akatae kwa mkono wake.

Na yule aliyeuliza swali, twamshukuru. Chama ambacho wanachama wake hawaulizi ni kama kiwanja kisicho na mfuko wa upepo: rubani hutua kwa kubahatisha.

Tuombe dua kwa marehemu wetu aliyelala Nguvumali, na kwa wote waliotangulia kwa bahari na kwa nchi kavu. Msimu uwe wa kheri, na wachumaji washuke salama mikarafuuni.

Wabillahi tawfiq.

Katibu wa Chama